Makuta ya kuchunguza jinai za Ituri: mbona hayafiki kwa watoto wetu?

Tarehe 18 Desemba 2012, waamuzi wa CPI kule La Haye walimwachilia Mathieu Ngudjolo Chui. Wengi wetu hapa Bunia tunakumbuka siku ile. Kwa wamoja ilikuwa furaha, kwa wengine kilio. Sisi wa sendika hatuandiki leo ili tuseme nani alikuwa na haki. Maneno yale yalimalizika tarehe 27 Februari 2015, wakati waamuzi wa rufaa walipothibitisha uamuzi. Tunataka kuonyesha kitu kimoja tu ndani yake, kitu ambacho hakikusemwa sana ku redio.

Waamuzi walieleza wazi kwamba kumwachilia mshtakiwa si kusema ubaya wa Bogoro haukutendeka. Ulitendeka, tarehe 24 Februari 2003, kilometa kama 25 toka hapa. Shida ilikuwa uchunguzi. Mashahidi watatu wakubwa wa mwendesha mashtaka hawakuaminika. Tena waamuzi wakaongeza kwamba ingefaa wachunguzi wafike mapema fasi ambako mshtakiwa aliishi na ambako shambulio lilitayarishwa, na wachungulie vizuri karatasi za masomo na za kuzaliwa za mashahidi wao. Waamuzi wenyewe walisafiri mpaka Ituri, Januari 2012, kuangalia kwa macho yao.

Miezi tisa mbele ya hapo, tarehe 14 Machi 2012, uamuzi wa Thomas Lubanga ulitoka. Yeye alipatikana na hatia ya kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika vita, kisha akapewa miaka 14 ya gereza. Lakini hata mule waamuzi walipiga kelele juu ya uchunguzi. Ofisi ya mwendesha mashtaka iliachia kazi yake mikononi mwa watu wa katikati, wale wanaoitwa kwa Kifaransa « intermédiaires », watu wa huku wenyewe waliokuwa wanatafuta mashahidi na kuwaleta. Hawakuangaliwa inavyofaa, na ushuhuda wa watu kadhaa ukatupwa.

Kesi mbili, jimbo moja, kasoro moja. Watu wa mbali walikuja kuuliza juu ya jinai zetu, na walipokosa kujua fasi na lugha, walimtegemea mtu wa hapa ambaye jina lake halikuandikwa popote na kazi yake haikufundishwa na mtu.

Ndugu wachimbaji watauliza: ile inatuhusu nini, sisi wa shimo na wa karai? Sendika iseme juu ya mashimo yanayobomoka, juu ya vizuizi vya barabarani, juu ya bei ya gramu. Tunasema juu ya hayo kila siku na tutaendelea. Ila jinai nyingi za Ituri zinafanyika palepale tunapofanyia kazi. Tarehe 8 Mei 2022, ku Camp Blanquette, kariere ya zahabu katika teritwari ya Djugu, watu wasiopungua 35 waliuawa. Walikuwa raia. Nani ataandika yaliyotokea pale kwa namna ambayo tribinali itapokea? Redio inasema siku mbili, kisha inapita ku habari ingine. Tangu tarehe 6 Mei 2021, état de siège ilipoanza, kesi za jinai za raia zilipelekwa ku tribinali za kijeshi, na kule ni kazi juu ya kazi.

Mtafiti si polisi. Hafungi mtu na hafungui mtu. Kazi yake ni kukaa na jambo moja muda mrefu: nani anashika kariere gani na tangu lini, nani anatoza nini ku kizuizi, nani alikamatwa, alikaa gerezani miezi mingapi mbele ya kuona mwamuzi, aliyenyang'anywa alirudishiwa kitu ao hapana. Baada ya miaka miwili, mitatu, anaandika kitabu. Na kitabu kile kinaweza kwenda mbali kuliko malalamiko yetu yote.

Mfano tunao. Juni 2005 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya zahabu ya Mongbwalu, « The Curse of Gold », yaani laana ya zahabu. Wachunguzi wake waliuliza watu wengi sana, na kati yao walikuwamo wachimbaji. Ripoti ilionyesha jinsi kikundi cha FNI kilichoshika Mongbwalu wakati ule kilivyopata makuta, na kompanyi kubwa ya AngloGold Ashanti ikakubali kwamba kulikuwa na malipo yaliyofika mikononi mwa FNI. Kompanyi ya Uswisi inayosafisha zahabu, Metalor, ikasimamisha kununua zahabu toka Uganda. Fikiri: maneno yaliyosemwa na mtu wa karai kule Mongbwalu yalifunga mlango wa mnunuzi kule Uswisi. Na kesi ya Bosco Ntaganda, aliyepewa miaka 30 ya gereza tarehe 7 Novemba 2019, inazungumza juu ya shambulio la Mongbwalu na Sayo la Novemba 2002. Kwa hiyo kuandika si mchezo wa watu wa shati jeupe.

Sasa, nani anaandika?

Mwaka wa 2013 Rift Valley Institute ilichapisha vitabu vitatu vidogo juu ya Ituri. Viwili viliandikwa na Henning Tamm: kimoja juu ya UPC, kingine juu ya FNI na FRPI. Cha tatu, juu ya zahabu, udongo na makabila, kiliandikwa na Dan Fahey. Ni vitabu vizuri, na tunashauri kila anayejua Kifaransa ao Kiingereza avitafute. Huyu Fahey ni Mwamerika. Alikuja kwanza sawa mwanafunzi wa udaktari wa chuo kikuu cha California, Berkeley, na teze yake, iliyomalizika 2011, ilikuwa juu ya mali na vita ya Ituri. Baadaye akaingia katika Kundi la Wataalamu la Umoja wa Mataifa juu ya Kongo, kundi ambalo ripoti zake zinasomwa na Baraza la Usalama na zinaweza kumweka mtu ku liste ya vikwazo.

Angalieni ile njia. Mwanafunzi anapata makuta ya kukaa Ituri miezi kadhaa. Anaandika teze. Teze inampa jina. Jina linampeleka ku meza ambako mambo yetu yanaamuliwa. Hatumwonei wivu, alifanya kazi yake na aliifanya muzuri. Tunauliza tu mtoto wa Mongbwalu, ao wa Nizi, ao wa Iga-Barrière, atapita njia ile lini. Wakongomani walioandika juu ya Ituri na wakasomwa mbali wako, hatusemi hawako. Alphonse Maindo wa Chuo Kikuu cha Kisangani aliandika 2003, ndani ya gazeti la wataalamu « Politique africaine », juu ya Ituri chini ya mkono wa Uganda, wakati vita ilikuwa ingali moto. Lakini hesabuni mwenyewe walio hivyo, vidole vya mkono vitabaki.

Jina la Guggenheim na almasi ya Kasaï

Tuseme sasa juu ya makuta yenyewe, juu kuna hadithi hapa ambayo mchimbaji anapashwa kuijua.

Iko ofisi moja kule New York inaitwa Harry Frank Guggenheim Foundation. Ilianzishwa 1929. Kazi yake ni kulipa watafiti wanaochunguza ujeuri: vita, mauaji, magenge, polisi, gereza, haki. Jamaa ya Guggenheim ilitajirika kwa njia gani? Kwa migodi. Mzee wao Meyer Guggenheim alitoka Uswisi akaingia Marekani. Risasi na feza ya Leadville, kule Colorado, ndiyo iliyomwinua. Watoto wake wakajenga vinu vya kuyeyusha madini, wakashika shaba ya Chile. Na mwaka wa 1906, mfalme Leopold II, aliyekuwa akihesabu Kongo nzima kuwa mali yake, aliwaita Waamerika wawili, Thomas Fortune Ryan na Daniel Guggenheim, waingie katika kompanyi mpya: Forminière. Mwaka uliofuata almasi ya kwanza ikaonekana Kasaï, na Tshikapa ikawa mji wa Forminière. Daniel ndiye baba ya Harry, mwenye jina la ile ofisi.

Hatusemi kwamba kila dola ya ofisi ile imechimbwa Kasaï. Makuta ya jamaa ile yalitoka migodi mingi, ya nchi nyingi. Lakini jina lile lilikuwa ndani ya karatasi za madini ya Kongo karibu miaka 20 mbele ya Société des Mines d'Or de Kilo-Moto kuundwa, 1926. Wazee wetu waliochimba kwa kulazimishwa hawakujua kwamba siku moja jina la tajiri wa migodi litalipa wanafunzi wa kuchunguza ujeuri. Sisi tunajua, na kwa kujua tunaweza kuuliza.

Ofisi ile ilitengeneza programu ya watafiti vijana wa Afrika. Walichaguliwa watu kumi kwa mara moja, wasiopita miaka 40, walio katika udaktari ku chuo kikuu cha Afrika. Kila mmoja alipewa dola 2,000 za kwenda kuuliza watu, mafunzo ya siku chache juu ya namna ya kuchunguza, na msaada wa kuchapisha. Kando yake, ofisi hiyohiyo iko na bursi ya wale wanaomaliza teze, haiangalii uraia wala chuo: dola 25,000 kwa mtu.

Asije mtu akakasirika mbio. Bursi ya 25,000 haimfungii Mkongomani mlango. Kwa karatasi mlango uko wazi. Na dola 2,000, kwa anayejua kuishi Bunia, si kidogo. Mutu wa kariere anajua vile dola 2,000 ziko. Lakini ukiweka namba hizo mbili pamoja, unaona mwenye anahesabiwa kuwa mtafiti mzima na mwenye anahesabiwa kuwa mwanafunzi wa kusaidiwa. Weka na ya tatu: tarehe 24 Machi 2017 CPI iliamua kwamba wahanga 297 wa Bogoro, katika kesi ya Germain Katanga, wapewe kila mmoja dola 250, kwa alama. Dola 250 kwa aliyepoteza watu na nyumba. Kwa hiyo sendika haiwezi kusimama mbele ya wahanga na kusema watafiti wapewe makuta mengi, bila kueleza ni kwa faida gani. Tutafika pale.

Iko pia Social Science Research Council, ya New York vilevile. Tangu 2012 inaendesha mtandao wa watafiti wa Afrika juu ya ujenzi wa amani, na bursi zake hazikufungiwa nchi moja. Ila programu yake ingine, ya vijana wanaotafuta udaktari, iliyolipwa na Carnegie Corporation, ilikuwa na masharti: uwe umeandikwa ku chuo kikuu cha Ghana, Kenya, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania ao Uganda. Kongo haimo. Ukisimama Kasenyi siku ya hewa safi unaona milima ya Uganda ng'ambo ya ziwa Albert. Mwanafunzi wa ng'ambo ile anaandika juu ya amani akilipwa. Wa ng'ambo hii, mahali vita ilipo, apande pirogi kwanza, aandikwe Kampala, alipe masomo ya mgeni, kisha aombe.

Kuna CODESRIA ya Dakar, tangu 1973, inayosaidia wanafunzi wa Afrika kumaliza teze, na hao wanakubali Kifaransa. Wabelgiji wako na ARES na VLIR-UOS, ambao wanapitisha makuta katika vyuo vikuu vya Kongo. Hapa mambo yanakuwa ya vyuo: chuo chenye maprofesa wengi, chenye ofisi ya mipango, chenye mtu anayejua kujaza karatasi za Bruxelles, kinapata. Lubumbashi na Kinshasa wana École de criminologie. Mtoto wa mchimbaji wa Djugu kumpeleka Lubumbashi ni kama kumpeleka Ulaya. Ndege peke yake inakula mwaka wa baba.

Nini kinamzuia mtoto wa Bunia

Tuna Chuo Kikuu cha Bunia, tuna Université Shalom, tuna ISP na vyuo vingine. Vijana wa droit wanaandika memwari kila mwaka juu ya wizi wa zahabu, juu ya ubakaji, juu ya watu kupigwa bila kesi, juu ya askari ndani ya kariere. Tunawajua, juu wanakuja kwetu kuuliza. Tunawapa kiti, tunawapa majina ya watu wa kuongea nao, na kisha memwari inaingia maktaba inakaa mule. Hakuna anayeipeleka mbele. Kwa nini?

Kwanza, bursi nyingi ni za mtu aliye tayari katika udaktari. Huku kwetu kutoka lisansi mpaka udaktari ni mwinuko mrefu. Asista wa chuo anafundisha miaka, mshahara unakuja ao haukuji, anangojea profesa wa Kisangani ao Kinshasa akubali kumwongoza. Akifika fasi ya kuomba bursi, ameshapita umri unaotakiwa. Pili, karatasi nyingi za kuomba ziko kwa Kiingereza. Mtoto amesoma kwa Kifaransa, nyumbani anasema Kiswahili na Kilendu ao Kihema ao Alur, na leo anaambiwa aeleze kwa lugha ya nne kwa nini jinai za kwao zinafaa kuchunguzwa. Tatu ni makuta ya mbele ya makuta: intaneti ya usiku, kutafsiri diploma, kufungua konti ya banki. Mtu anayesema vijana wa Ituri hawaombi, aangalie kwanza kuomba kunalipishwa ngapi.

Lakini tusidanganyane. Iko shida ambayo si ya makuta, na ni kubwa kuliko hizo zote. Mtoto wa hapa ana kabila.

Mzungu akifika ku kijiji cha Walendu, wanamuuliza kitu gani analeta. Mtafiti Muhema akifika pale, wanamuuliza nani amemtuma. Na Mulendu akifika ku kijiji cha Wahema, ni vilevile. Baada ya ile yote iliyotokea tangu 1999, na tena tangu 2017, hakuna anayeweza kutulaumu kwa kuogopa. Kalamu ya jirani inaweza kuwa ya polisi, ya askari, ya CODECO, ya nani tena. Jina moja lililoandikwa vibaya ndani ya kaye linaweza kumwua mtu. Kwa sababu ile, wenye makuta wengine wanasema ni heri watume mgeni, mgeni hana upande.

Sisi hatukubali ile hoja, na tunaeleza. Mgeni naye hatembei peke yake. Ana motari, ana mtafsiri, ana mtu wa kumpeleka kwa PDG wa shimo na kwa chefu wa kijiji. Mtu yule ana kabila sawasawa. Tofauti ni kwamba kabila lake halionekani ndani ya kitabu, kwa sababu jina lake halimo. Ndicho kilichotokea La Haye katika kesi ya Lubanga: mtu wa katikati alikuwapo, alikuwa na upande wake, ila alikuwa nyuma ya pazia, na pazia lilipofunguliwa kesi ikatetemeka. Kumficha mtu wa hapa hakuondoi upande wake, kunamwondolea tu masharti. Afadhali afundishwe namna ya kuficha majina ya mashahidi, namna ya kuuliza bila kusukuma jibu, namna ya kulinganisha ushuhuda wa watu wawili. Awe na jina lake ku kitabu. Na akikosea, ajibu. Na kwa Ituri, bursi zitolewe kwa watu wawili wawili: mmoja wa upande huu, mmoja wa upande ule, wanafanya uchunguzi mmoja na kutia sahihi pamoja. Sisi ndani ya sendika tunafanya kazi vile. Ndani ya shimo moja kuna watu wa makabila yote, na hakuna anayeuliza kabila la kamba inayomshusha.

Ndugu zetu wa Kivu wameanza kuisema. Watafiti wa Bukavu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walitoa 2020 kitabu kinachoitwa « Bukavu Series ». Ndani yake wale waliokuwa wanaitwa wasaidizi waliandika wenyewe yanayowapata: kupelekwa fasi ya hatari bila bima, kukamatwa na watu wenye bunduki, kulipwa kwa hesabu ya fomu walizojaza, kisha kuona kazi yao imechapishwa na jina la mtu mwingine. Walikisema kwa heshima, bila matusi, na vyuo vya Ulaya vilisikia. Hapa Bunia hatujapata kitabu kama kile. Vijana wa kukiandika wako.

Faida kwa mwenye karai

Tulisema tutafika ku faida, mbele ya wahanga. Tuchukue jambo moja. CPI iliamua malipo ya wahanga wa Lubanga na ya Ntaganda, ya pamoja, mamilioni ya dola. Nani anafuatilia makuta hayo kijiji kwa kijiji: nani aliandikwa, nani alisahauliwa, wachimbaji waliokimbia Mongbwalu 2002 na hawakurudi wamehesabiwa ao hapana? Si kazi ya avoka mmoja. Ni kazi ya mwaka mzima ya mtu anayejua njia za Sayo na anayeweza kukaa na mama mjane saa tatu bila kuangalia saa. Akiiandika vizuri, mama yule ana karatasi ya kuonyesha. Ao tuchukue gereza. Mtafiti kijana akikaa mwaka mmoja na mafaili ya wachimbaji waliokamatwa ku kariere, aonyeshe wangapi walifika mbele ya mwamuzi na kwa muda gani, sendika itakuwa na namba za kupeleka kwa oditora wa kijeshi. Leo tunapeleka maneno matupu. Tunajibiwa maneno matupu.

Kwa ile kazi, makuta yanaweza kutoka hapahapa pia. Kodi ya Madini ya 2018 inagawa redevance ya migodi: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta ao kominé mgodi ulipo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tunajua redevance hailipwi na mtu wa karai, inalipwa na kompanyi. Lakini sehemu ya jimbo ni ya jimbo. Hatuombi mamilioni. Bursi ndogo mbili tatu kwa mwaka, zitolewe na kamati yenye maprofesa wa vyuo vyetu, watu wa makabila mbalimbali, na mtu mmoja wa wachimbaji. Majina ya waliopata yabandikwe ku mlango wa chuo ili kila mtu asome. Kwa sababu tangu état de siège ni gavana wa kijeshi anayeshika jimbo, barua inaenda kwake. Watu watasema gavana wa kijeshi hawezi kulipa mtu achunguze mwenendo wa wanajeshi. Inawezekana wana haki. Tunaomba hata hivyo, kwa maandishi, ili jibu nalo liwe kwa maandishi.

Kwa mashirika na vyuo vya nje vinavyoendelea kuja, na wanakaribishwa, kamati yetu imekubaliana juu ya mambo haya. Timu ikitaka kuingia kariere kwa kupitia sisi, ituonyeshe mkataba wa kijana wa hapa anayetembea nayo, na mkataba ule useme jina lake litaandikwa wapi. Kitabu kikitoka, kopi moja irudi kwetu, na mwenyewe ao kijana wake aje kukieleza kwa Kiswahili, mchana, mbele ya watu waliojibu maswali. Wamama wanaoponda mawe wanauliza swali hili kila mara: « Munatuuliza, munaandika, munaenda. Ile karatasi inaishiaka wapi? » Wanangojea jibu.

Kwa wazazi wenye mtoto ku chuo kikuu, katika droit, sosholojia ao kriminolojia: mwambieni aje ofisini kwa sendika siku ya Jumamosi na kadi yake ya mwanafunzi na karatasi moja tu inayoeleza anachotaka kuchunguza. Tunayo liste ya bursi tulizotaja hapa, na tunamtafuta mwalimu wa Kiingereza wa kusaidia kujaza fomu. Anayehitaji barua ya kuonyesha kwamba wachimbaji wa kariere fulani wanakubali kuongea naye, tutamwandikia baada ya kuwauliza wenyewe. Barua hailipishwi.